Idara Iliyozaa Idara: Kompyuta katika Chuo cha Carnegie Mellon

Jambo la kwanza limstaajabishalo mtu achunguzaye usuli wa elimu ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh huko Marekani, ni kwamba nyumba hiyo ilianza kuezekwa kabla ya kusimamishwa kuta zake. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ilipoundwa mwaka 1965, chuo kingali kikiitwa Taasisi ya Teknolojia ya Carnegie, madhumuni yake yalikuwa kutoa shahada ya udaktari. Shahada ya kwanza ya fani hiyo haikupatikana hadi miaka ya 1980 ilipokuwa ikielekea ukingoni.

Haikuwa kiburi. Kompyuta ya kwanza ya chuo, IBM 650, iliwasili mwaka 1956, ikawekwa chini kabisa ya jengo la skuli ya utawala wa viwanda, na watu waliokusanyika kuizunguka hawakuwa na shahada ya kompyuta hata mmoja wao, kwa kuwa shahada hiyo haikuwapo duniani: Herbert Simon alitoka katika elimu ya siasa, Allen Newell alianzia fizikia, na Alan Perlis alikuwa mwanakemia kabla ya kugeukia hisabati. Wanazuoni wa namna hii walihitaji kwanza wenzao wa kutafiti nao, ndipo wapate cha kumfundisha mwanafunzi mchanga. Fauka ya hayo, auni ya fedha ilitoka katika Wizara ya Ulinzi kupitia shirika lake la ARPA, ambalo zama hizo lilitoa mafungu mapana ya miaka mingi badala ya kudai hesabu ya kila kijaribio.

Tadbiri iliyotumika kuzigawa fani ndiyo hasa ipasayo kutazamwa, maana hawakuanza kwa kutunga jina la shahada. Walianza kwa taasisi ya utafiti. Taasisi ya Roboti iliundwa mwaka 1979, Raj Reddy akiwa mkurugenzi wake na kampuni ya Westinghouse ikichangia fedha, ilhali udaktari wa roboti ulifuata takriban miaka kumi baadaye. Kituo cha tafsiri kwa mashine kilifunguliwa mwaka 1986, na mwaka 1996 kikawa taasisi ya teknolojia za lugha. Na kituo cha mwaka 1997, kilichowaketisha pamoja watu wa takwimu na watu wa kompyuta, kikageuka mwaka 2006 kuwa Idara ya Ujifunzaji wa Mashine, chini ya Tom Mitchell.

Taasisi hizo zisingalifikia hatua ya kutunuku shahada zao wenyewe lau idara mama ingalibaki idara. Mwaka 1988 ilipandishwa daraja ikawa skuli kamili, Nico Habermann akiwa mkuu wake wa kwanza, hata taasisi zikawa na haki ya kuajiri walimu na kutunuku shahada bila kuomba ruhusa kwa mkuu wa idara mwenye kazi zake. Gharama ipo, wala haifai kufichwa: mtaalamu wa macho ya roboti na mtaalamu wa ujifunzaji wa mashine aghalabu hutafiti jambo lile lile huku wakiwa katika idara mbalimbali.

Shahada ya kwanza ya akili bandia ilianza kutolewa hapo mwaka 2018, miaka 62 baada ya Newell na Simon kuandika programu yao ya kuthibitisha kanuni za mantiki. Hata tawi la Kigali, lililotokana na mapatano ya mwaka 2011 na serikali ya Rwanda na ambalo liko chini ya kitivo cha uhandisi, lilianza na shahada ya uzamili. Basi wakuu wa vyuo vyetu wanaotangaza shahada mpya za akili bandia kila msimu wa udahili, tunawasihi watuonyeshe kwanza orodha ya walimu wao waliomo katika utafiti huo hivi sasa.