Mishono sita ya sketi: kusoma pateni za miaka ya 1940

Mwaka 1942 serikali ya Uingereza iliwawekea watengenezaji wa nguo mipaka mikali. Gauni lisizidi mifuko miwili na vifungo vitano. Sketi yake isizidi mishono sita. Marinda yawe mawili tu ya rinda boksi, au manne ya kulalia upande mmoja. Nchi ilikuwa vitani na kitambaa kilikuwa kikigawiwa kwa kuponi tangu Juni 1941: mtu mzima alipewa kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, na yadi moja ya sufu yenye upana wa inchi 36 ilikula kuponi tatu. Mipaka hiyo ilisaidia kuunda mojawapo ya mitindo inayoigwa sana leo na wapenzi wa nguo za zamani: mabega yaliyosimama, kiuno kilichobana, sketi inayoishia kwenye goti na kuchezacheza bila kula kitambaa kingi. Mwaka huohuo wabunifu wakubwa wa London, wakiwemo Norman Hartnell na Hardy Amies, waliombwa kubuni nguo ndani ya masharti hayo, nao walionyesha kwamba uchache wa kitambaa unaweza kufichwa na ukataji mzuri.

Nasema ukataji kwa makusudi. Wengi wanaotafuta mtindo kwenye pateni za zamani huishia kwenye picha ya bahasha, na picha hiyo si ya kuaminika. Wachoraji walimrefusha mwanamke kuliko alivyo binadamu yeyote, wakampa kiuno cha kuenea kiganjani. Mtu akiniletea bahasha ya namna hiyo, naigeuza kwanza. Nyuma kuna michoro midogo ya mistari inayoonyesha kila mshono ulipo, na kuna jedwali la kitambaa. Ndani kuna karatasi nyembamba ambayo mara nyingi haikuchapwa kitu, imetobolewa tu vitundu: vidogo vikionyesha dati, vikubwa vikionyesha mwelekeo wa uzi au mahali pa kukunja kitambaa. Kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake wa vitundu, na maelezo yake yamo kwenye karatasi ya maelekezo. Hivyo karatasi hiyo ikipotea, thamani ya pateni hupungua sana kwa mshonaji.

Jedwali la kitambaa ndilo linalonifurahisha kuliko yote, kwa sababu linatuhusu moja kwa moja. Pateni za wakati ule zilipangwa kwa vitambaa vya upana wa inchi 35 au 39, na sufu ya inchi 54. Pateni nyingi za sasa hupangwa pia kwa kitambaa cha sentimita 150, na fundi wa Kariakoo au Eastleigh anayejaribu kuzilaza juu ya kitenge hujikuta kipande cha sketi kinatoka nje ya ukingo. Kitenge kina upana wa inchi 46 hivi. Mpangilio wa inchi 39 unaingia ndani yake na nafasi inabaki. Pateni ya London ya mwaka 1943 inaweza basi kukaa vizuri zaidi kwenye kitenge kuliko pateni iliyochapwa mwaka jana.

Sasa tuangalie blauzi yenyewe, maana hapo ndipo kuna fundisho kubwa. Blauzi na magauni mengi ya miaka hiyo yana yoki mbele, kipande kinachotoka mgongoni, kinavuka bega na kushuka sentimita tano au sita. Chini ya yoki kuna marinda madogo ya kuvuta kwa uzi yanayomwagika kuelekea kifuani. Kwa macho, ni nguo ya mtu mwenye kitambaa cha kutosha. Ukweli ni kwamba marinda hayo yanaweza kupatikana bila kuongeza hata sentimita moja ya kitambaa.

Chukua pateni ya blauzi inayokukaa vizuri, yenye dati inayopanda kutoka kiunoni hadi karibu na ncha ya titi. Chora mstari wa yoki, ukate, kisha unganisha kile kipande cha juu na pateni ya mgongo ili mshono wa bega upotee. Rudi kwenye kipande cha mbele kilichobaki. Kata kutoka ukingo wake wa juu hadi ncha ya titi, kisha ifunge dati ya kiuno kwa gundi ya karatasi. Karatasi itafunguka yenyewe juu. Uwazi huo ndio marinda yako: ziada ileile iliyokuwa ikimezwa na dati imehamia begani. Ukitaka marinda yatawanyike, kata mistari mitatu badala ya mmoja, yote ikutane kwenye ncha ya titi, na ugawe uwazi sawasawa. Kwa kuwa yoki ni kipande kinachojitegemea, inaweza kukatwa kwenye kitambaa kingine. Wakati wa vita washonaji wa nyumbani walifanya hivyo ili kuokoa gauni lililochakaa, wakihimizwa na serikali kurekebisha nguo walizonazo. Kwetu pindo la kanga iliyochanika katikati linatosha yoki na mfuko, na ukilinyoosha vizuri litaonekana lilipangwa tangu mwanzo.

Sketi ya mishono sita nayo ina hesabu yake. Ni vipande sita vyembamba kiunoni na vipana chini. Fundi alivilaza kwa kupishana, kimoja kiuno juu, cha pili kiuno chini, na karibu kitambaa chote kikatumika. Hapa mshonaji wa kitenge awe macho. Kitenge chenye ndege, maua yenye mashina au maandishi kina juu na chini, na ukipishanisha vipande, nusu ya ndege watatembea kichwa chini. Chagua ua linalotazama pande zote, au ongeza yadi moja na ulaze vipande vyote upande mmoja.

Ufumaji una mtego tofauti. Uzi nao ulihitaji kuponi, kwa hiyo sweta zilikuwa fupi, za kubana, za uzi mwembamba. Vitanzi saba kwa inchi lilikuwa jambo la kawaida. Jumba la makumbusho la V&A la London limeweka baadhi ya pateni hizo wazi kwa mtu yeyote kuzipakua, na mfumaji wa Njombe au Limuru, ambako sweta huvaliwa kwa dhati, anaweza kuzifanyia kazi. Azingatie kwamba namba za zamani za sindano za Uingereza huenda kinyume: namba 8 ni milimita 4, namba 14 ni milimita 2.

Tuseme kifua ni inchi 34. Kwa vitanzi saba kwa inchi, mzunguko ni vitanzi 238. Kama ua la sweta hilo linarudiwa kila baada ya vitanzi 14, yanapatikana maua 17. Uzi wa sokoni leo, ulio mnene, ukikupa vitanzi vitano kwa inchi, mzunguko ni 170, na 170 haigawanyiki kwa 14. Wengi hushusha hadi 168 na kupata maua 12 makubwa, kisha hawaelewi kwa nini sweta lao linaonekana zito kuliko la kwenye picha. Dawa ni kulichora ua upya kwenye karatasi ya miraba liwe la vitanzi 10. Maua yanarudi kuwa 17 na wepesi wa zamani unabaki. Ni kazi ya jioni nzima, lakini bila hiyo umechukua jina la mtindo tu.

Kuhusu vipimo, usiamini namba ya saizi. Saizi 14 ya miaka ya 1940 ilikuwa ya kifua cha inchi 32, na saizi 14 ya kampuni kubwa za sasa ni ya inchi 36. Soma inchi, na mfano wa kwanza ushone kwa merikani.

Merikani hiyo itakuonyesha pia jambo ambalo bahasha hailisemi kwa sauti: bega limekatwa juu zaidi ili kubeba pedi. Ukivaa bila pedi, kitambaa kitalala kwenye ncha ya bega na mkono utaning'inia. Kama hutaki pedi, shusha ncha ya bega sentimita moja, mbele na nyuma, ukiiacha shingo ilivyo, kisha shusha na tundu la kwapa kwa kiasi hichohicho ili mkono uingie bila kuvutwa. Mimi naziacha pedi. Kiuno cha magauni haya kinaonekana chembamba kwa sababu ya bega lililo juu yake, na ukiliondoa utalazimika kukikaza kiuno hadi mvaaji ashindwe kukaa.