Wakili Aliyeacha Majalada Akapanda Mlimani: Uhakiki wa Kitabu cha Sally Falk Moore juu ya Sheria ya Kilimanjaro

Kitabu tunachokihakiki hapa kinajulikana kwa wanaosoma sheria vyuoni, lakini ni nadra kukisikia kikitajwa katika darsa zetu. Kinaitwa Social Facts and Fabrications, yaani mambo ya kijamii na mambo ya kutungwa, na kilitolewa na Cambridge mwaka 1986. Kinaeleza sheria ya mila ya Wachagga wa Kilimanjaro kuanzia mwaka 1880 hadi 1980. Tumekichagua kwa ajili ya makundi mawili ya wasomaji wetu. La kwanza ni vijana wanaotaka kazi ya uwakili. La pili ni maimamu wa Moshi na wa mlimani wanaoitwa kwenye vikao vya mirathi ya vihamba, wakakuta ukoo umeshaamua kabla wao hawajafika.

Kwanza tumjue mwandishi. Moore alizaliwa Marekani mwaka 1924. Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1945 akiwa na miaka 21, akaingia katika ofisi ya mawakili ya Wall Street, mtaa wa mabenki na makampuni makubwa. Mwaka uliofuata alikwenda Nuremberg, Ujerumani, akawa miongoni mwa wanasheria walioandaa mashitaka dhidi ya wakuu wa kampuni ya kemikali ya I.G. Farben, iliyowatumikisha wafungwa wa Auschwitz. Baadaye akaiacha kazi hiyo, akarudi darasani kusoma elimu ya jamii za wanadamu, na akapata udaktari mwaka 1957. Utafiti wake wa Kilimanjaro ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, akawa akirudi mara kwa mara. Baadaye alikuwa profesa wa Harvard. Alifariki mwaka 2021.

Wapo watakaosema kwamba mtu huyu aliikimbia sheria. Sisi tunaona aliifuata hadi mahali inapoishi. Mwaka 1973 aliandika makala moja inayosomwa mpaka leo, ambamo aliweka pamoja vitu ambavyo hakuna angedhani vinalingana: viwanda vya nguo vya New York na koo za Kilimanjaro. Kule New York alionyesha kuwa mikataba na chama cha wafanyakazi imeandikwa vizuri, lakini biashara yenyewe inakwenda kwa fadhila na zawadi baina ya watu wanaohitajiana, wala hakuna anayekimbilia mahakamani. Huku kwetu alitazama sheria ya mwaka 1963 iliyofuta umiliki wa ardhi wa moja kwa moja. Sheria hiyo ilipitishwa Dar es Salaam. Mlimani kihamba kiliendelea kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, chini ya macho ya ukoo na majirani, kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo wakili kijana apate somo lake la kwanza: kuijua ibara ya sheria ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kujua nani ana nguvu juu ya nani pale mteja wake anapolala.

Ama kitabu chenyewe, hoja yake kubwa ni kwamba kile kinachoitwa mila ya Wachagga hakikushuka kutoka kwa mababu kikiwa kizima. Kabla ya Moore, rejea kubwa ilikuwa kitabu cha Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, kilichochapwa mwaka 1926. Gutmann aliipenda jamii ya mlimani, na kwa kuipenda akaichora kana kwamba imetulia tuli. Moore anaonyesha mwendo wake: misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, vita vya wamangi wakigombea njia za misafara hiyo, ukoloni wa Wajerumani kisha wa Waingereza, na mahakama za wamangi zilizopewa kazi ya kuhukumu kwa mila huku mila yenyewe ikibadilika mikononi mwao.

Kilichobadilisha zaidi ni kahawa. Wakulima walianzisha chama chao mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Mbuni hudumu miaka mingi na huleta fedha, basi kihamba kilichokuwa cha migomba kikawa mali ya thamani. Watu wakaongezeka, ardhi ikabaki ile ile. Kwa desturi mwana wa kwanza hupewa sehemu yake anapooa, na kitinda mimba hubaki na wazazi akairithi nyumba na kihamba chake. Wana wa katikati zamani waliweza kufungua eneo jipya. Ardhi ilipokwisha, desturi ile ile, kwa maneno yale yale, ikawa inawatoa nje. Hii ndiyo sehemu bora ya kitabu. Moore hakuridhika na majalada ya mahakama. Alifuatilia ukoo mmoja kwa miongo, akaona kuwa kesi inayofika mahakamani ni ncha tu ya ugomvi uliokwisha kupikwa nyumbani miaka mingi.

Mwanafunzi wa fiqhi hataona haya kuwa mageni. Wanavyuoni wetu wameweka miongoni mwa kanuni kuu tano ile ya al-aada muhakkama, kwamba ada ya watu hurejewa katika hukumu. Al-Qarafi wa Misri, aliyefariki mwaka 684 Hijria, alimuonya mufti asimjibu mtu wa mji mwingine kwa ada ya mji wake bila kuuliza. Imepokewa pia kuwa Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, alikuwa akiwaendea watia rangi nguo kuwauliza jinsi wanavyoamiliana. Faqihi anaacha vitabu vyake anakwenda kwa mafundi! Na Ibn Abidin wa Damascus, katika karne ya 13 Hijria, aliandika risala nzima juu ya urfu. Lakini wote hawa wameweka mpaka ambao Moore, kwa kuwa si kazi yake, hakuuweka: ada husikilizwa pale ambapo haigongani na andiko.

Na mirathi ina andiko. Tuchukue mfano. Muislamu wa Machame amefariki, ameacha mke, wana watatu na mabinti wawili, na kihamba cha ekari moja. Madeni yamelipwa, wasia umetekelezwa. Kwa Suratun Nisaa aya ya 11 na 12, mke ana thumni, na kinachobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili ya mwanamke. Mali inagawanywa sehemu 64: mke 8, kila mwana 14, kila binti 7. Ekari ni takriban mita za mraba 4,047, kwa hiyo binti ana haki ya mita 443 hivi, mke 506, na kila mwana 885. Kwa mila mabinti hawana kitu, na mwana wa katikati huenda naye akakosa.

Kikao cha ukoo kitasema: tukikatakata hivi, kihamba kitakufa. Hoja hiyo ina uzito, na fiqhi inayo njia. Warithi waweza kumiliki kwa ushirika bila kukata. Waweza pia kufanya takharuji, yaani mrithi mmoja akatoka katika sehemu yake kwa badali anayoridhia, iwe fedha au mali nyingine. Sharti lake ni ridhaa ya mtu anayeijua haki yake. Ndiyo maana tunasema kitabu hiki kina faida kwa imamu. Anapoambiwa na kaka wa marehemu kwamba mabinti wamesamehe, na karatasi ya muhtasari ina sahihi zao, Moore anamfundisha aulize: walisamehe mbele ya nani? Wanaishi kwa nani? Wakiachika watarudi nyumba ya nani? Binti anayejua kuwa kaka zake ndio kimbilio lake la mwisho hatagoma kutia sahihi. Karatasi itakuwa safi, na ridhaa haipo. Imamu aliyesoma hesabu ya faraidhi peke yake hawezi kuliona hilo.

Sheria ya nchi nayo haimfungi mtu katika kabila lake. Katika mirathi ya Muislamu mahakama hutazama maneno, matendo na namna ya maisha ya marehemu, ili ijue kama alikusudia mali yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Mwenye kuswali na kufunga maisha yake yote, kisha asiseme wala kuandika lolote kuhusu kihamba chake, amewaachia wanawe kesi. Na mila yenyewe imepingwa mahakamani: mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim na Pastory lililotoka Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikataa kanuni ya mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Inatia simanzi kwamba binti wa Kiislamu ahitaji Katiba ya mwaka 1977 kumpatia alichopewa karne 14 nyuma.

Tuna malalamiko juu ya kitabu. Waislamu wa mlimani hawakupewa nafasi yao. Hata Rebmann, Mzungu wa kwanza kuripoti kuwa ameuona mlima huu, mwaka 1848, aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani. Biashara ya pwani iliacha dini pamoja na shanga na nguo. Familia inayoswali na kula mtori kwenye kihamba kimoja, yenye sheria tatu mikononi, ingemfaa sana Moore kwa hoja yake, na amepita bila kuitazama. Pili, hilo neno la kutungwa katika jina la kitabu limewapotosha baadhi ya wanafunzi. Kubadilika kwa mila si ushahidi kuwa mila ni uongo. Isale lililopandwa mpakani bado linamzuia jirani kuliko hati.

Kwa kijana anayeuliza njia, hatua zake ni fupi kuzieleza: shahada ya sheria, kisha Shule ya Sheria ya Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, kisha kuapishwa. Atakayetaka kujumuisha sheria na sharia yupo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro. Ajue tu kwamba kwa miongo mingi wakili hakuruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo, ambako ndiko mirathi ya watu wa kawaida huanzia, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 ndiyo yaliyoanza kuufungua mlango huo. Waliomtangulia humo ni wazee wa baraza, wasaidizi wa kisheria na maimamu, na atawakuta wanajua mengi asiyoyasoma.

Neno wakili lenyewe ni la fiqhi. Sayyidna Ali (r.a.) hakupenda kuhudhuria mabishano ya kesi, akamuwakilisha Aqil, na Aqil alipozeeka, Abdullah bin Jaafar. Basi kazi ni halali na ina asili. Lakini Mtume (s.a.w.) ametahadharisha, katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.), kuwa huenda mmoja wa wagomvi akawa fasaha kuliko mwenzake akahukumiwa kwa alivyosikika, na anayechukua haki ya nduguye kwa njia hiyo anachukua kipande cha moto. Wakili wa yule kaka mwenye karatasi ya sahihi safi anajua karatasi hiyo ilipatikanaje, au anaweza kujua akipanda mlimani kuuliza.