Paneli Inayojua Kukataa

Msimu wa pamba unapofunguliwa Somanda na kwingineko Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, mazungumzo huwa ni ya mizani na bei ya kilo, na ni wachache wanaolikumbuka kabati la chuma lililofungwa ukutani kiwandani, ambalo lisipokuwapo mashine haziwezi kutenganisha nyuzi na mbegu wala kufunga robota hata moja. Kabati hilo ndilo paneli, na ufundi wa kuiunda unastahili sifa zaidi ya unazopewa, hasa kwa kuwa ubora wake hujulikana pale mashine inapokataa kuzunguka.

Ndani ya paneli zimo njia mbili: njia ya nguvu, yenye nyaya nene zinazopeleka fezi tatu za volti 400 kwenye mota, na njia ya udhibiti, yenye nyaya nyembamba zinazopita kwenye vitufe. Kinachozikutanisha ni kontakta, yaani swichi inayovutwa na sumaku, ambayo koili yake, yenye ncha zilizoandikwa A1 na A2, ikipata umeme mdogo huvuta chuma na kufunga midomo mitatu mikubwa kwa mpigo. Ubavuni upo mdomo mdogo wa msaada, wenye namba 13 na 14, unaounganishwa sambamba na kitufe cha kijani, na hapo ndipo penye utamu wa kazi hii. Kitufe kikibonyezwa na kuachiwa, kontakta hujishikilia yenyewe kwa mdomo huo. Umeme ukikatika, sumaku huachia, na hata umeme ukirudi mota haiwaki mpaka mtu abonyeze tena. Mfanyakazi aliyeingiza mkono kwenye rola kutoa pamba iliyokwama, ingawa alipaswa kwanza kuzima swichi kuu, hunusuriwa na kipande cha chuma kidogo kama ukucha. Kitufe chekundu nacho hupitisha umeme muda wote kisipobonyezwa, ili waya wake ukikatwa na panya mashine isimame.

Chini ya kontakta hukaa ovalodi, relei ambayo vipande vyake vya metali mbili hupinda kwa joto la mkondo na kukata njia ya udhibiti. Kuipangia kipimo kunahitaji busara, maana mota ya kilowati 7.5 hula takriban ampea 15 ikibeba mzigo kamili, lakini inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya hizo, hivyo ovalodi lazima istahimili sekunde hizo chache bila kuruhusu mateso ya dakika nyingi. Wapo wanaopandisha kipimo kila mashine inapozimika, jambo lisilo na udhuru, kwa kuwa mara nyingi fezi moja ndiyo iliyopotea, na malipo yake ni harufu ya vanishi iliyoungua na mota kupelekwa kusukwa upya.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ilipobuniwa Modicon 084 nchini Marekani, relei nyingi za njia ya udhibiti zimepisha kidhibiti cha programu, ambacho mafundi hukiita PLC. Hata hivyo, fundi makini anayekifunga hupitisha waya wa kitufe cha dharura moja kwa moja hadi kwenye koili ya kontakta, bila kusubiri idhini ya programu.