Kisambaza Data, Kipanga Njia au Ruta? Istilahi Tatu Zapimwa kwa Kazi

Istilahi ya kitaalamu haipimwi kwa utamu wake masikioni, bali kwa kazi inayoifanya. Madhumuni ya makala haya ni kuzipima istilahi tatu zinazotumika kukitaja chombo kimoja, yaani kile kinachounganisha mitandao miwili au zaidi ya kompyuta: kisambaza data, kipanga njia na ruta. Mwandishi anakiri kwamba naye ameshiriki katika kosa analolikosoa. Alipotafsiri maelekezo ya mafunzo ya walimu alichagua kisambaza data, akiamini kwamba neno lenye mzizi wa Kiswahili litajieleza lenyewe. Neno lilijieleza kweli, lakini lilieleza chombo kingine.

Tutazame mtandao mdogo uliojengwa katika mafunzo hayo. Chumba cha kwanza kilikuwa na kompyuta yenye anwani 192.168.1.10, na cha pili kompyuta yenye anwani 192.168.3.10. Kila chumba kilikuwa na ruta yake, na ruta hizo mbili ziliungwa kwa waya uliohesabiwa kuwa mtandao wa tatu, 192.168.2.0. Kompyuta ikiwa na pakiti ya kupeleka nje ya mtandao wake, huikabidhi kwa ruta iliyo lango lake. Ruta husoma anwani ya mpokeaji, hutazama jedwali lake la njia, kisha huielekeza pakiti kwenye tundu linalohusika. Jedwali lisipokuwa na njia ifaayo, pakiti hutupwa.

Walimu waliiandika njia ya kufikia chumba cha pili katika ruta ya kwanza, wakaisahau ruta ya pili. Jaribio halikuleta jibu. Walibadilisha waya, wakazima na kuwasha vyombo, na saa nzima ikapita. Hapana aliyelitazama jedwali la ruta ya pili. Kwa nini walitazame? Kusambaza ni kueneza: tangazo husambazwa kwa wote, na maji husambazwa mji mzima. Kisambaza data, kwa maana ya jina lake, hupeleka kila kitu kila mahali. Basi kitu kisipofika, wa kulaumiwa ni waya. Jina hilo lingewafaa zaidi wale wanaokitaja kile kisanduku cha zamani kilichorudia kila ishara katika matundu yake yote.

Kipanga njia ni istilahi iliyo bora zaidi, kwa kuwa imeitaja njia. Hata hivyo, kupanga ni kazi inayotangulia. Njia hupangwa na fundi anayelijaza jedwali, au na programu ambazo ruta hutumia kupashana habari za njia. Pakiti inapofika, ruta haipangi safari nzima. Huonyesha hatua inayofuata tu, nayo ruta ya mbele huamua kwa jedwali lake yenyewe. Anayeamini kwamba chombo kimoja kimepanga safari yote, kwenda na kurudi, ataangukia kosa lile lile la walimu wetu.

Ruta ni neno la kukopa, na wapo watakaolikataa kwa sababu hiyo. Lakini limekubali matamshi yetu, na wauzaji na mafundi wanalitumia. Kwa asiyelijua halisemi kitu, na hapo ndipo penye faida yake: humlazimu mwanafunzi aulize maana, na mwalimu aieleze. Neno geni lililo kimya lina madhara machache kuliko neno letu linalopotosha. Tunapendekeza, basi, ruta liwe jina la chombo, kuelekeza kiwe kitenzi chake, na kupanga njia kubaki kuwa kazi ya kulijaza jedwali.

Limebaki jaribio lenyewe. Programu iitwayo ping iliandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, ikapewa jina kwa kufuata mlio wa chombo cha kupimia umbali chini ya maji. Jina la amri halitafsiriwi, maana kompyuta inazitaka herufi zile zile. Kitendo, hata hivyo, tunaweza kukiita kupiga hodi. Kompyuta moja hupiga hodi, nyingine huitikia. Istilahi hii ina somo ndani yake: kukosa mwitikio si hoja kwamba hodi haikusikika. Katika mafunzo yale hodi ilifika. Mwitikio ndio uliokosa njia ya kurudi.

Tunawaomba wafasiri na walimu, kabla ya kuipitisha istilahi ya ufundi, wampe mwanafunzi maelekezo yaliyoandikwa kwa istilahi hiyo, kisha wamwangalie akifanya kazi. Akipotea, yachunguzwe maneno kabla ya kumlaumu mwanafunzi. Maoni ya wasomaji, hasa ya wale wasiokubaliana nasi, yatapokelewa kwa shukrani.