Neno na Kitu: Falsafa ya Uhalisia Ikitazamwa kutoka Nalufenya

Neno 'uhalisia' huwachanganya wanafunzi wetu kila mwaka. Wale wa fasihi wakilisikia hukumbuka riwaya, kama vile Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979) na maisha ya wachukuzi wa bandari ya Zanzibar. Wale wa misingi ya elimu hulikuta katika muhtasari wa falsafa, limewekwa baada ya udhanifu, nao hulikariri kwa ajili ya mtihani. Ni mara chache tunapowauliza kama uhalisia wa riwaya na uhalisia wa falsafa una undugu wowote. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba undugu upo, na kwamba unamhusu mwalimu wa Kiswahili moja kwa moja. Mfano wetu tumeuchukua Nalufenya, mtaa wa mji wa Jinja ulio kando ya barabara kuu itokayo Kampala, karibu na mto Nile.

Uhalisia ni nini?

Kwa ufupi, uhalisia ni falsafa inayoshikilia kwamba vitu vipo, tuvijue tusivijue. Mto hautiririki kwa sababu sisi tumeufikiria. Plato alifundisha kwamba ukweli kamili umo katika mawazo, na kwamba vitu tuvionavyo ni vivuli tu. Mwanafunzi wake, Aristotle, aliurudisha mjadala duniani kwa kusema kwamba anayetaka kuijua samaki au serikali hana budi kuichunguza samaki yenyewe na serikali yenyewe. Baadaye, mwaka 1620, Francis Bacon wa Uingereza alisisitiza kwamba maarifa hujengwa kwa uchunguzi wa hatua kwa hatua, wala si kwa kurudiarudia waliyoyasema wakongwe.

Muhtasari unaosomwa na walimu wanafunzi hutoa matokeo manne ya falsafa hii katika elimu: maarifa hupatikana kwa milango ya fahamu, mtaala upangwe kwa masomo yenye ukweli uliothibitishwa, mwalimu ndiye mjuzi, mwanafunzi ni mpokeaji. Mawili ya mwanzo hatuna ugomvi nayo. Lakini kwa mtazamo wetu, hayo mawili ya mwisho yameugeuza uhalisia juu chini. Ikiwa kitu ndicho chenye mamlaka, basi mwalimu hana mamlaka juu yake. Yeye na mwanafunzi wanasimama mbele ya kitu kilekile, na mwanafunzi anaweza kuona kile ambacho mwalimu hakukiona.

Falsafa iliyoingia kupitia somo la lugha

Jambo ambalo muhtasari huo husahau ni kwamba uhalisia uliingia shuleni kwa kishindo kupitia somo la lugha. Mwaka 1658 mwalimu John Amos Comenius, mzaliwa wa Moravia, alichapisha Orbis Pictus, kitabu cha picha cha kuwafundisha watoto Kilatini. Kila somo lilikuwa na picha ya kitu, na kila sehemu ya picha ilipewa namba iliyolingana na neno lake. Comenius alikuwa amechoshwa na shule zilizowajaza watoto maneno ambayo hayakuwa na kitu chochote nyuma yake. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: kitu na neno viende pamoja, na mwanafunzi atoke kwenye kinachojulikana aende kwenye kisichojulikana.

Hebu sasa tuje Nalufenya. Wakati mmoja tulikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja isiyo mbali na hapo. Mwalimu mwanafunzi, kijana mwenye bidii, aliandika ubaoni majina ya samaki: papa, nguru, changu, kolekole, taa. Wanafunzi waliyanakili kwa hati nzuri. Nje ya ua wa shule akina mama walikuwa wanauza ngege wa kukaanga na mukene waliokaushwa juani. Msichana mmoja akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, mukene kwa Kiswahili ni nini?" Kijana wetu akafungua kitabu, akakipekua, kisha akajibu, "Huyo hayumo."

Jibu lake lilikuwa la kweli, maana kitabu kiliandikwa na mtu wa pwani na mukene hakuwamo. Lakini alikuwako barabarani, na jina lake, dagaa, liko katika Kiswahili. Siku ile darasa lilipata maneno matano ya samaki ambao wengi wao hawajawahi kuwaona, likakosa neno moja la samaki wanayemla karibu kila wiki. Hapo ndipo tulipoelewa kilichomchosha Comenius.

Hatusemi kwamba papa na nguru waondolewe. Mtoto wa Jinja ana haki ya kuijua bahari sawa na mtoto wa Lamu. Tunachosema ni kwamba safari ya kwenda baharini ianzie ziwani.

Kitenzi kimoja na mto mmoja

Mfano wa pili unahusu kitenzi. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Uganda wamekuwa wakiandika kwamba Speke aligundua chanzo cha Nile. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na mwalimu huisahihisha kwa alama ya vyema. Tukiipima kwa uhalisia, tutakuta nini? John Hanning Speke alifika mahali hapo tarehe 28 Julai 1862. Hilo ni kweli. Lakini mto ulikuwapo, na Wasoga walioishi kando yake walikuwa na jina lake, Kiyira. Kitenzi 'gundua' kinadai kwamba jambo halikujulikana. Je, halikujulikana na nani? Kwa wanachama wa jumuiya ya jiografia ya London, kitenzi kinafaa. Kwa bibi wa mtoto anayeiandika sentensi hiyo, hakifai.

Mwalimu wa Kiswahili ana somo zima hapo. Aandike ubaoni vitenzi vitano: fika, ona, gundua, tambua, tangaza. Awaulize wanafunzi kipi kinalingana na jambo lililotokea, na kwa nani. Mwanafunzi akiweza kueleza tofauti kati ya Speke kufika na Speke kugundua, amejifunza msamiati, historia na falsafa kwa kipindi kimoja. Uhalisia wa namna hii haumfanyi mwanafunzi kuwa mpokeaji. Humfundisha kulipima neno kwa kitu.

Ni kinyume cha ule uhalisia ambao Charles Dickens aliudhihaki katika riwaya yake Hard Times mwaka 1854. Humo shuleni, binti aliyelelewa miongoni mwa farasi anashindwa kutoa fasili ya farasi, na mvulana anayetamka orodha ya meno na kwato anasifiwa. Mwalimu wa darasa lile alijiona mhalisia kwa sababu alipenda takwimu. Lakini farasi halisi alikuwa anajulikana na yule binti.

Uhalisia unapogeuka uzio

Tusiisifu falsafa hii kupita kiasi, maana katika Afrika Mashariki imewahi kutumiwa vibaya. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizuru nchi zetu, Uganda ikiwamo, na ripoti yake ilitolewa mwaka 1925. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake, yaani kilimo, afya, ufundi wa mikono na maisha ya kijijini. Ukiisoma haraka unaweza kudhani ni Comenius anayezungumza. Hata Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikiwa na wavulana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo.

Ufundi si aibu, na hakuna taifa lililojengwa bila mafundi. Kasoro ilikuwa kwingine. Ukisema kwamba mtoto huyu yuko shambani, hiyo ni taarifa. Ukisema kwamba kwa kuwa yuko shambani basi afundishwe ya shamba tu, umeigeuza taarifa kuwa hukumu. Wazazi wengi wa Kiafrika waliutambua mtego huo mapema. Walidai watoto wao wapewe hesabu, sayansi na fasihi sawa na watoto wa watawala, kwa sababu walijua kwamba hali waliyokuwa nayo ilikuwa imetengenezwa na watu na ingeweza kubadilishwa na watu.

Kwa hiyo tunaongeza sharti moja ambalo muhtasari wa chuo haulitaji: uhalisia wa kweli hauishii kwenye swali 'kuna nini hapa?' Lazima uulize pia 'kimekuwaje hivi?' Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1954. Mtoto wa Nalufenya hulikuta limesimama kama mlima. Lakini si mlima. Lilijengwa, na maporomoko ya Ripon yalifunikwa na maji kwa ajili yake.

Kiswahili kilichopo na Kiswahili kinachotakiwa

Sharti hilohilo linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili nchini Uganda. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika utawala na elimu, na wakuu wa Buganda pamoja na wamisionari wakapinga. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia hatua ya kukitekeleza. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na mtaala huo unajengwa juu ya umilisi: mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kukifanya. Watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024.

Huo ndio upande wa maandishi. Upande wa vitu ni kwamba Kiswahili kimekuwa kwa muda mrefu lugha ya jeshi na polisi. Wazee wengi wa Busoga na Buganda walikisikia kwa mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikitamkwa na mtu mwenye bunduki. Mwalimu anayeingia darasani na kusema tu kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja na udugu anasema jambo jema, lakini ameruka kitu. Mwanafunzi ana babu nyumbani, na babu ana kumbukumbu.

Jina la Nalufenya

Hapo ndipo Nalufenya inapotujaribu. Tuchukue zoezi la kawaida la kidato cha kwanza: tunga sentensi kwa kutumia jina la mahali. Mtoto wa Jinja anaweza kuandika kwamba Nalufenya kuna hospitali ya watoto, na ni kweli. Wadi za watoto za hospitali ya rufaa ya Jinja ziko hapo, na akina mama hufika wakiwa wamebeba watoto wenye malaria. Mtoto wa Mbale, ambaye hajawahi kufika, anaweza kuandika kwamba Nalufenya ni mahali watu walipofungwa na kuteswa. Naye hakulitoa hewani. Kituo cha polisi cha Nalufenya kilitumika kuwazuilia washukiwa wa makosa makubwa. Mwaka 2017 vyombo vya habari vya Uganda vilionyesha majeraha ya mahabusi aliyetoka huko, ingawa sheria ya kupiga marufuku mateso ilikuwapo tangu mwaka 2012. Mwezi wa Aprili 2018 mkuu mpya wa polisi, Okoth Ochola, alitangaza kwamba kizuizi hicho kifungwe.

Je, mwalimu asahihishe sentensi ipi? Mdhanifu angependa ile ya kwanza, kwa kuwa inapendeza. Mwoga angeifuta ya pili. Mhalisia wa muhtasari angetoa alama kwa zote mbili, akafunga daftari. Sisi tunadhani mwalimu mhalisia azisome zote mbili kwa sauti, kisha awafundishe njeo. 'Kuna hospitali.' 'Palikuwa na kizuizi.' 'Kilifungwa.' Sarufi ya wakati ni chombo cha kusemea ukweli bila kuukuza wala kuupunguza. Mtoto anayeishi Nalufenya anastahili kulitaja jina la mtaa wake bila aibu, na waliofungwa pale wanastahili kutosahauliwa. Njeo mbili zinatosha kuwatendea haki wote.

Sasa tunaweza kurudi kwenye undugu tuliouahidi. Riwaya ya kihalisia humtaka msomaji aseme, 'Ndiyo, ndivyo ilivyokuwa.' Falsafa ya uhalisia humtaka mwanafunzi aulize, 'Je, ndivyo ilivyo?' Zote mbili hukataa neno lisilo na kitu nyuma yake. Tunawasihi walimu wanafunzi watakaokwenda mazoezini muhula ujao wafanye jambo moja dogo kabla ya kuandaa azimio la somo: watembee nusu saa nje ya ua wa shule, wakiwa na daftari, na waandike majina ya vitu watakavyoviona. Yule msichana bado anangoja jibu kuhusu mukene, na wenzake wana maswali yao pia.

Maoni ya wasomaji, hasa ya wale wasiokubaliana nasi, yanakaribishwa katika toleo lijalo.