"Municipality": neno kubwa kwa nyumba isiyo na baraza

Wasomi wenzangu wa Fizi na Baraka, leo tuongelee neno moja tu la Kiingereza: "municipality". Tangu kazi za mashirika zianze kudai Kiingereza, neno hili tunaliweka kila mahali, kwenye ripoti, kwenye barua ya kuomba kazi, kwenye CV. Baraka ni municipality, Minembwe ni municipality, sekta ya Mutambala nayo municipality. Kuna hata wanaoandika "Fizi Municipality" wakitaka kusema teritwari nzima. Neno liko na uzito mdomoni, hilo sikatai. Shida ni kwamba linaficha jambo ambalo sisi tuliosoma tungepaswa kulionyesha.

Tuanzie kwenye mzizi. Kwa Kilatini, municipium ulikuwa mji unaojiendeshea mambo yake chini ya Roma. Ndani ya neno kuna wajibu na kuna kuchukua: wenyeji wanabeba wajibu wa mji wao, na ndiyo maana wanakuwa na sauti juu yake.

Ng'ambo ya ziwa, wengi wetu tunalijua kama manispaa, juu ya wazazi waliopita Kigoma na vijana waliosomea kambini Nyarugusu. Kigoma-Ujiji ni manispaa. Wananchi wa kila kata wanachagua diwani, madiwani wanachagua meya kati yao. Mkurugenzi anateuliwa toka juu, ni kweli, lakini baraza lipo. Kenya nayo ilikuwa na mabaraza ya manispaa mpaka 2013. Leo manispaa inaongozwa na bodi chini ya kaunti, haina madiwani wake. Kumbe hata kwa majirani, neno ni moja na nyumba ni mbili.

Sasa turudi kwetu. Katiba ya 2006, kifungu cha 3, inataja vitengo vinavyopaswa kujiongoza: mji, komine, sekta na sheferi. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inavipa kila kimoja baraza lake. Teritwari haimo katika hesabu hiyo. Teritwari ni mkono wa serikali kuu, na Administrata anatumwa, hachaguliwi. Kwa hiyo "Fizi Municipality" haipo. Iliyopo ni teritwari ya Fizi yenye sekta nne: Mutambala, Ngandja, Lulenge na Tanganyika. Baraka ilipewa cheo cha mji kwa amri ya 2013, na utekelezaji ukachelewa miaka kadhaa.

Ndio hapa neno linatudanganya. Desemba 2023, uchaguzi wa washauri wa komine ulifanyika tu katika miji mikuu ya mikoa. Bukavu walipiga kura hiyo, Baraka hapana. Meya wetu anateuliwa. Mbaya zaidi, mwaka 1957, Mbelgiji akiwa bado anatawala, watu wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville walipiga kura za komine, ingawa ni wanaume tu walioruhusiwa, na Kasa-Vubu akatoka bugumestre wa Dendale. Yaani walichopata wale chini ya mkoloni, Baraka bado inakingoja.

Ukiandika "the municipality decided", msomaji aliye London anaona madiwani wamekaa, wamebishana, wamepiga kura. Kumbe ni sahihi ya mkubwa mmoja aliyeteuliwa. Mama anayelipa kodi ya soko hakuwa na mtu wa kumsemea. Ripoti yako imemfuta bila wewe kutaka.

Tuliona pia 2020. Septemba bugumestre wa Minembwe alisimikwa, Oktoba Rais Tshisekedi akatangaza kuifuta komine ile. Sitaki kufungua kesi hiyo hapa, kila mmoja anajua uzito wake. Ila ukiandika tu "municipality" kwa Kiingereza, msomaji wa mbali atafikiri ni ugomvi wa ofisi ya mji. Atashindwa kuelewa kwamba watu walikuwa wanabishana juu ya ardhi, mipaka, na nani atamwamuru nani.

Mtu atasema: sawa, lakini Kiingereza hakina neno lingine, na bosi anataka Kiingereza. Najibu: Kiingereza kinapokea majina yetu bila shida. Andika "Ville de Baraka", andika "Sector", andika "Commune", halafu ongeza sentensi moja inayosema kiongozi ameteuliwa na baraza halijachaguliwa. Sentensi hiyo ni fupi, na inasema ukweli kuliko ukurasa mzima wa maneno makubwa. Kwa Kiswahili, tuseme mji, komine, sekta. Manispaa tuiwekee akiba mpaka siku tutakapopiga kura yetu.

Mbele ya kuandika, jiulize mambo matatu. Nani anamweka mkubwa wa mahali hapa? Baraza lake lilichaguliwa lini? Kodi inayokusanywa pale, nani anaihesabu mbele ya wananchi? Ukikosa jibu la swali la pili, usiruke. Liandike hivyohivyo, bado hakuna, ili yule anayesoma Kinshasa ao Ulaya ajue tunadai nini.