Red Zinger: Jamani, Choya Imo Kwenye Boksi!

Jamani, ni choya! Choya ile ile ya juisi za barabarani Dar, inayokuacha na ulimi mwekundu mpaka jioni, nimeikuta supamaketi hapa Denver, kwenye shelfu la chai za mitishamba, ndani ya boksi la vifuko 20. Mbele limeandikwa Red Zinger kwa maandishi makubwa. Ukiligeuza ubavuni ndipo unapokutana na ndugu zako: choya kwanza, kisha matunda ya waridi mwitu, nanaa, mchaichai, maganda ya machungwa, na gome la mcheri mwitu ambalo Wamarekani wa zamani walilitumia kutibu kikohozi. Mchaichai, wajameni! Nilisoma mara ya pili palepale, watu wakinipita na vitoroli vyao.

Na choya kutajwa mwanzo si jambo dogo. Viambato huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Chai nyingi za matunda zina picha ya stroberi nono mbele, lakini ukisoma nyuma unakuta vipande vya tufaha vilivyokaushwa pamoja na ladha ya kiwandani. Iko moja (jina lake nalihifadhi) iliyonukia jiko zima, ukinywa ni maji ya moto matupu. Hii haina mchezo huo. Hii inachachua kwelikweli!

Lakini tuanze na rangi, maana rangi ndiyo inayokuteka kabla hujaonja. Kifuko chenyewe hakina uzi, hakina kikaratasi, hakina pini. Ni kama kijimto kidogo cha kulalia, cha mraba, basi. Mimina maji yanayotokota kwenye glasi, si kikombe, tafadhali, usijinyime, kisha kiangushe kifuko. Hakuna kusubiri. Nyuzi nyekundu zinaanza kushuka zenyewe toka kwenye kona zake, zinajinyonganyonga hadi chini, zinatanda, na kabla hujapata kijiko glasi nzima ni damu ya mzee. Mwanangu aliomba tutie magadi kidogo, ncha ya kisu tu. Wekundu ukafifia ukawa zambarau, zambarau ikaelekea buluu ya kijivu. Tukakamulia limau, wekundu ukarudi! Rangi ya choya hufuata uchachu: palipo na asidi ni nyekundu, ukiiondoa inabadilika. Glasi hiyo haikunywewa, bila shaka, ila ilitupa raha kuliko televisheni.

Haya, ladha. Funda la kwanza ni ukali wa choya, unaobana taya kama ukwaju. Mara tu baada yake nanaa inaingia na ubaridi wake, kitu ambacho juisi yetu ya nyumbani haina, na hapo ndipo chai hii inapojipatia heshima yangu yote. Uchachu wa moto na ubaridi wa nanaa kwa pamoja! Mchaichai hauonekani sana mwanzoni. Unausikia puani ukishameza. Maganda ya machungwa yanabaki pembeni ya ulimi kwa uchungu mdogo wa kupendeza. Boksi linashauri dakika 4 hadi 6. Mimi nasema kaa kwenye 6, hata ukipitiliza haiharibiki, kwa kuwa humu hamna jani la chai hata moja la kuleta ule ukakasi wa chai iliyolala. Na kwa kuwa hamna jani la chai hamna kafeini, kwa hiyo saa nne usiku unakunywa na kulala bila wasiwasi.

Onyo moja kwa sisi tuliolelewa na chai ya maziwa: usithubutu. Maziwa yanakatika papo hapo, yanakuwa mabonge, kwa ajili ya ule uchachu. Shangazi alipokuja kututembelea alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye jagi. "Shangazi, hii haitaki maziwa," nikamwambia. Akaniangalia. "Chai gani hiyo isiyotaka maziwa?" Akainywa kavu kwa kijiko kimoja cha asali, kimya, akaomba nyingine. Sihitaji ushahidi zaidi ya huo.

Mnajua imetoka wapi? Si mbali na hapa! Mwaka 1969, kijana mmoja wa Boulder, Mo Siegel, na wenzake walikuwa wakichuma mimea kwenye milima ya Rocky, wanaichanganya na kuitia kwenye vifuko vya kitambaa vilivyoshonwa kwa mkono. Ndiyo ikawa kampuni ya Celestial Seasonings. Red Zinger wakaitoa mwaka 1972, na mwaka 1975 ikawa jina la mashindano ya baiskeli huko Colorado, Red Zinger Bicycle Classic. Fikiria: mbio za baiskeli milimani zimepewa jina la chai ya choya! Kiwanda kipo mtaa wa Sleepytime Drive, uliopewa jina la chai yao nyingine, ile yenye dubu anayesinzia kwenye kiti. Wageni hutembezwa humo, na kuna chumba cha nanaa ambacho ukiingia macho yanatoka machozi. Nimeshapanga kwenda.

Kwa afya nitasema kidogo tu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walitoa matokeo ya jaribio la watu 65 wenye presha iliyopanda kiasi: waliokunywa vikombe 3 vya chai ya choya kwa siku kwa wiki 6, presha yao ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 7 hivi. Inatia moyo, lakini mwenye kumeza dawa za presha amuulize daktari wake kwanza, asije akaishusha presha mara mbili.

Sasa nije kwenye jambo lililonirusha kabisa: ya baridi. Vifuko vinne kwenye jagi, maji ya moto nusu, funika. Ikishaiva toa vifuko, tia sukari wakati bado ni ya moto ili iyeyuke, ponda kipande cha tangawizi utie, ongeza maji baridi, weka kwenye friji. Kwa futari haina mpinzani. Tambi, sambusa, halafu glasi ya hii yenye barafu... Watoto waliokataa kuigusa ikiwa ya moto waligombea ya mwisho.

Mtu atauliza, kwa nini ulipie boksi wakati duka la Wamexico mtaa wa pili wanauza choya iliyokaushwa kwa mfuko mkubwa? Swali zuri. Ile ni nzuri kwa sherehe, kwa sufuria la watu ishirini, nami nitaendelea kuinunua. Ila haina nanaa wala mchaichai ndani yake, inataka kuchemshwa na kuchujwa, na hamna anayechuja kitu saa kumi na mbili asubuhi akiwahi basi. Kifuko unakitia mfukoni, unaenda nacho kazini. Angalieni tu shati jeupe, kwa sababu tone likidondoka lina ukaidi wa ajabu. Maji baridi mara moja, msingoje.

Alama? Tisa kwa kumi, na hiyo moja nimeizuia kwa sababu nataka choya zaidi bado! Shelfuni nimeona kuna Raspberry Zinger na Lemon Zinger, ndugu wa tumbo moja. Ya raspiberi nimeshaichukua, iko mezani, na birika limeanza kulia.